Sura Ndani ya Masizi

Tarehe 3, mwezi wa tisa

Mvua ya kwanza imetukuta tukitoka misa. Naanza daftari hii leo ili nisisahau nilianza lini. Ilikuwa ya Carine. Kurasa nane za mbele amechora mikono tu, ya watu na ya masufuria. Sikuzing'oa. Naandika kuanzia ukurasa wa tisa.

Mimi ni Colette, lakini hapa Kadutu hakuna anayeniita hivyo. Mimi ni Maman Carine. Niliishia mwaka wa sita primaire kwa masista, na mwandiko wangu ulikuwa wa kwanza darasani. Sista mwenyewe ndiye aliyesema, si mimi. Nauza sambaza sokoni, wale dagaa wa ziwani, na sambaza wangu hawana mchanga, uliza mutu yeyote. Muzee Christophe, mume wangu, alifariki, sasa ni mwaka wa saba. Carine ndiye mutoto wangu wa pekee, na ni artiste. Si wa kuimba! Anatengeneza watu kwa vitu vilivyotupwa: bidon za plastiki, minyororo ya baiskeli, vifuniko vya chupa, kandambili zilizokatika. Hagundishi kitu. Anashona kwa waya, pande na pande, kama mimi nilivyokuwa nikimushonea nguo za shule. Kipaji hicho amekitoa wapi, kama si kwangu?

Wiki tatu sasa yuko Kinshasa, kwenye atelier moja kubwa ya wasanii, kwa mwaka mzima. Vijana mia mbili waliomba, wakachukuliwa sita. Sita, nchi nzima! Hata gazeti lilimuandika.

Kazi yake kubwa, aliyokuwa akiifunika kila nikitoka sokoni, ameiacha hapa uani, inanipita urefu, imefunikwa shitingi ya plastiki na kufungwa kamba. Itaonyeshwa hapa Bukavu mwezi wa kumi na mbili. Siku ya kuondoka aliniambia:

"Maman, usifungue, usiguse. Utaiona siku ya exposition, pamoja na batu bengine."

"Nitaigusa juu ya nini? Sina kazi?"

"Maman. Nakujua."

Tarehe 6

Mvua. Nimepika tena bugali ya watu wawili.

Tarehe 10

Carine amepiga. Sauti ilikuwa inakatika. Ameuliza kama siko peke yangu. Nikamuambia: "Peke yangu namna gani? Nyumba imejaa wageni, hata viti havitoshi!" Akacheka. Napenda akicheka. Ukweli ni kwamba tangu aende hakuna aliyekalia kile kiti chake, na leo nimekifuta vumbi.

Tarehe 14

Mvua ikinyesha sana, uchafu wote wa muji unateremka ziwani. Asubuhi, kabla ya soko, nashuka na gunia mpaka kwenye maji kumuokotea mutoto wangu vitu. Leo nimepata mukono wa mutoto wa plastiki, kifuniko cha termosi, na simu ya zamani isiyo na tumbo. Nikirudi navipangusa, navianika ukutani. Carine husema havifai kuoshwa sana. "Maman, sikichagui kitu juu ya kuwa kizuri. Nakichagua juu ya kuwa kilitumika." Mimi nikiona uchafu mukono unaenda wenyewe, ndivyo nilivyolelewa.

Jirani yangu Masika alikuwa mulangoni kwake, macho mekundu ya moshi.

"Maman Carine! Mutoto alienda Kin, sasa ni weye unabeba takataka?"

"Beba na yako, Maman Masika. Labda na weye gazeti itakuandika."

"Gazeti? Ile ya kufungia sambaza?"

Watu watatu walicheka. Simupendi yule mwanamuke. Anapika kwa kuni mpaka leo, moshi wake unaingia kwangu, masufuria yake yote meusi kama usiku. Mimi napika kwa makala, makaa yasiyo na moshi, na masufuria yangu nikiyaanika juani unaweza kuchania nywele ndani yake.

Tarehe 23

Hakuna. Mvua.

Tarehe 1, mwezi wa kumi

Nimezoea kusalimia ile kazi uani. "Umelalaje, weye?" Shitingi inajibu kwa upepo. Mutu asinisikie.

Tarehe 20

Carine amepiga. Nilikuwa nimeshapanga: atakuja siku tano kabla ya maonyesho, nitachinja jogoo, nitamutandikia kitanda changu, mimi nitalala chini. Kumbe atelier imekataa. Kuna kazi wanamaliza pamoja mwezi huo.

"Usihuzunike, maman. Kazi iko tayari. Itajisimamia yenyewe."

Nikamuambia sihuzuniki, nina wageni, nimechoka na wageni. Nikafunga simu. Nikaenda kukaa uani, karibu na shitingi, mpaka mvua ikanifukuza.

Tarehe 2, mwezi wa kumi na moja

Mvua siku ya nne. Sambaza hawakauki.

Tarehe 7

Leo nitaandika mengi, sababu hakuna mutu wa kumuambia.

Mvua ilianza saa nane mchana, na upepo ambao sijawahi kuuona tangu tuhame kijijini Nyantende. Nilikuwa sokoni. Nikafunika samaki, nikakimbia. Nilipofika, shitingi ilikuwa juu ya paa la Masika inapigapiga, na kazi ya mutoto wangu iko chini, kifudifudi ndani ya matope.

Nikainua. Iko nzito! Nondo ndani, miguu ya chuma cha kitanda. Niliteleza mara mbili, nikaanguka nayo mara ya tatu, tukalala hapo mimi na yeye kama walevi. Mwishowe nikaiegemeza ukutani chini ya paa. Waya zote zilikuwa nzima. Mutoto wangu anashona!

Hapo ndipo nikaiona kwa mara ya kwanza. Ni mwanamuke. Sketi ni mikebe ya nyanya iliyofunguliwa na kunyooshwa, mamia. Mabega ni mbabula mbili, majiko ya makala, zilizopasuliwa. Mikono ni minyororo. Kifuani bidon ya njano imekatwa, na ndani yake kuna vitu vingi vidogo vinavyoning'inia. Kichwa ni sufuria kubwa, kitako chake kimetazama mbele. Sufuria ile nikaijua. Ni yangu, ya maharagi, nilipikia kule Nyantende miaka kumi, kwa kuni. Nilidhani ilipotea.

Matope yalikuwa yamejaa kila mahali, na uso wote ulikuwa tope tupu. Nikaleta maji, nikamwaga, nikamwaga. Tope likatoka, na chini yake masizi, meusi, mazito, yenye mistari mistari ya kukwaruzwa. Nikafikiri ni mawe yameyakwaruza wakati wa kuanguka. Nikaona aibu. Watu wakubwa watakuja kuiona, watasema huyu mutoto hana mama? Sufuria ya namna hii unaitoa mbele ya wageni?

Nikachukua majivu na mchanga. Nikasugua. Masizi ya miaka kumi hayatoki hivi hivi. Nilisugua mpaka giza likaingia, mabega yakawaka moto, na nilikuwa naimba, nasema ukweli, nilikuwa na furaha. Tangu Carine aende sikuwa nimemufanyia kitu chochote. Ilipong'aa nikajiona mwenyewe ndani.

Tarehe 8

Nimefunika kwa pagne yangu nzuri, kitenge changu cha misa. Nimelala vizuri.

Tarehe 9

Mungu wangu.

Zagabe amekuja, ndiye anayetayarisha maonyesho. Ni kijana mwenye miwani, viatu visivyo vya matope. Nilimukalisha kwenye kile kiti, nikamupa chai, nikamuambia habari za Carine tangu alipotoka meno. Alisikiliza vizuri. Kisha akasema, "Maman, sisi bote tunangojea ile sura," akatoa simu, akanionyesha picha Carine aliyomutumia kabla ya kusafiri.

Ilikuwa ile kazi, mbele ya ukuta wangu, na jua linaipiga kwa upande. Ndani ya masizi kulikuwa na uso, mistari myembamba kama nywele, mamia, imechorwa kwa ncha ya chuma: paji la uso, kovu dogo la nyusi, mudomo ambao uko karibu kusema kitu.

Nilikuwa mimi.

"Mulitoka sawa sawa, maman," Zagabe akasema. "Carine anasema alichora mwaka muzima, akikuangalia wakati unapika, bila weye kujua. Sasa tufungue, nipige picha ingine."

Nikasimama mbele ya pagne. "Carine alisema mutu asifungue!"

"Hata mimi?"

"Weye uko mutu gani? Hata mimi mama yake sijafungua!"

Nilimudanganya mutoto wa watu, chai yangu ikiwa mukononi mwake. Alipiga picha ya pagne, akaenda.

Tarehe 10

Carine amepiga. Sikushika.

Tarehe 11

Amepiga tena. Nikashika, nikasema wageni ni wengi, tutaongea.

Tarehe 13

Nimejaribu moshi wa makala. Makala haitoi masizi. Nimejaribu mushumaa, ukatoa doa kama la kuungua. Nimefuta. Sikuenda sokoni.

Tarehe 15

Masika alikuja kurudisha shitingi. Pagne ilikuwa imeteleza. Akaona. Akaangalia ile sufuria inayong'aa, akaniangalia mimi, nikangojea maneno yake.

"Ni weye ulisugua?"

"Ni mimi."

"Na ilikuwa hapana ya kusugua?"

Nikaanza kulia kama mutoto, pua na macho. Nikamuambia yote, hata uongo wa Zagabe. Nilidhani atakimbia kupeleka habari kwenye bomba la maji. Yeye akavua viatu, akaingia, akakaa kwenye kile kiti.

"Masizi hawayatafutake, Maman Carine. Yanakuyaka yenyewe. Toa kichwa cha huyu mutu, ulete na maharagi. Kuni zangu ziko mbichi, moshi tele. Weye si unanitukanaka moshi kila siku?"

"Sijakutukana."

"Unatukanaka. Ukuta iko nyembamba."

Tarehe 16

Nimekata waya za shingo kwa koleo. Tumepika maharagi kwa kichwa cha kazi ya Carine, jikoni kwa Masika, tukala wote wawili.

Tarehe 17

Maharagi.

Tarehe 18

Maharagi. Masika ana watoto wanne, wote wako Butembo, hakuna anayepiga. Miaka tisa tumepakana, leo ndiyo nimejua. Nilikuwa sijauliza.

Tarehe 22

Masizi yameshika, meusi, mazuri. Nimechukua msumari nikajaribu kuchora uso wangu kwa kukumbuka ile picha. Masika alikuja kuangalia. Akainamisha kichwa huku, akainamisha kule.

"Ni mbuzi?"

Tulicheka mpaka tukashikana. Halafu nikarudi kwangu, kicheko kikaisha. Masizi ni masizi tu. Yale mengine Carine alitumia mwaka muzima kuyaona, na mimi niliyaosha mchana mmoja.

Tarehe 26

Nimemupigia mwenyewe, baada ya misa, kabla moyo haujarudi nyuma. Nilisema mbio mbio: upepo, matope, majivu, mchanga. Nikasema nimedanganya Zagabe. Nikasema nimekata waya.

Nikadhani mutandao umekatika.

"Maman," akasema. "Nilikuambia usiguse."

Simu ikafungwa.

Tarehe 27

Hakuna.

Tarehe 28

Hakuna. Mvua.

Tarehe 30

Hakuna. Nimepika bugali ya mutu mumoja. Ilitosha.

Tarehe 3, mwezi wa kumi na mbili

Nimeona Zagabe nje ya kanisa. Nilikuwa tayari kukiri, lakini yeye ndiye aliyeanza: Carine amemuambia. Nilidhani atanisema mbele ya watu. Akanishika mukono. "Hata mama yangu alinifulia diploma, maman, ilikuwa ndani ya mufuko ya suruali." Na mimi nilimucheka kwa sababu ya viatu vyake.

Akasema Carine anafikiri kuitoa ile kazi kwenye maonyesho.

Tarehe 5

Ujumbe wa Carine, maneno manne: "Nakuya. Usiguse kitu. Tafazali."

Anakuja! Nimeusoma mpaka betri ikaisha.

Tarehe 9

Ameshuka kiwanja cha ndege cha Kavumu jana mchana. Nilimungojea barabarani chini ya mwavuli tangu saa tano. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Aliteremka na mufuko mumoja, akanikumbatia kama mutu mwenye haraka, akaenda moja kwa moja uani. Akazunguka kazi yake. Akagusa shingo palipokatwa. Akachukua sufuria, akaigeuza, akanusa masizi. Kisha akauliza bila kugeuka:

"Maman, ulifanya hivi ili nikuye?"

Nikasema hapana. Nikasema naapa kwa kaburi ya baba yako.

Lakini leo naandika peke yangu, na hapa sina wa kumudanganya. Wakati nilipokuwa nasugua sikujua. Nina hakika sikujua. Siku ile Zagabe aliponionyesha picha, nyuma ya aibu yote, chini kabisa, kulikuwa na sauti ndogo inayosema: sasa atalazimika kurudi. Niliisikia. Niliinyamazisha, lakini niliisikia. Jogoo nimechinja, hakula sana.

Tarehe 10

Mvua ilisimama baada ya misa. Carine alitoa kiti mulangoni, penye mwanga.

"Kaa."

Nikataka kwenda kubadilisha kitambaa, kuvaa kile cha sikukuu. "Hapana, hivyo hivyo." Akaweka sufuria kwenye magoti yake, akachukua ncha aliyoinoa kutoka chuma cha gurudumu la baiskeli, akaanza kuniangalia.

Sijui niandike namna gani. Tangu aache kunyonya hakuna mutu aliyeniangalia muda mrefu hivyo. Muzee Christophe alikuwa mutu mwema, lakini hakuwa wa kuangalia. Sokoni wanaangalia samaki. Nilisikia haya kama msichana.

"Usitikisike."

"Sitikisiki. Ni weye unatikisika."

"Na usicheke, maman, meno yako yanaharibu kila kitu."

"Meno yangu? Baba yako alitoka kule Katana kwa miguu kufuata haya meno!"

Akacheka kidogo. Ndipo akainama karibu, karibu kabisa, pumzi yake ikanigusa shavu. Akashika kidevu changu kwa vidole vyeusi, akakigeuza kwenye mwanga.

"Maman, umekonda."

"Ni mvua."

"Mvua haikondeshake mutu."

"Basi ni maharagi ya Masika."

"Bale bageni," akasema, "benye kujaza nyumba mpaka viti havitoshi. Niko hapa siku ya tatu. Beko wapi?"

Nilitaka kusema wamesafiri. Nilikuwa na jina la mugeni wa kwanza tayari mudomoni. Lakini alikuwa ameshika kidevu, hakuna pa kugeukia.

"Hakuna bageni, Carine. Hawakukuwa. Saa kumi na mbili nafunga mulango, naweka bugali, nasikiliza mvua kwenye bati. Nilikuwa naongea na shitingi. Nikaogopa ukijua utaacha Kin, halafu watu watasema ni mimi niliyekurudisha nyuma."

Nilisikia ncha ikikwaruza, kidogo kidogo. Mustari mumoja chini ya jicho, halafu mwingine, halafu alirudi akauzidisha ule wa kwanza. Machozi yalikuwa yanamutoka na hakuyafuta, mikono ilikuwa na masizi.

"Na mimi kule silalake vizuri," akasema baadaye. "Nilisema kama kazi iko hapa, ni kama niko hapa."

Tulikaa hivyo mpaka mwanga ulipokwisha. Kesho tutaendelea.

Tarehe 13

Siku ya nne nakaa. Mugongo unauma. Sijawahi kupumzika hivi.

Tarehe 15

Maonyesho. Masika amevaa pagne yangu, ile nzuri. Watu walikuwa wengi kuliko ubatizo. Zagabe alisimama mbele ya mwanamuke wetu akatoa simu, akalinganisha.

"Carine, haifanani na ile ya photo. Ile alikuwa kama anataka kusema kitu."

"Hii ameshasema," Carine akajibu.

Ni kweli. Huyu ni muzee kuliko yule. Chini ya macho ameniwekea kila kitu, hakunihurumia hata kidogo. Shingoni, pale nilipokata, ameacha waya za zamani zikining'inia na kushona mupya juu yake. Nilingoja mutu aseme huyu ni mzuri. Baadaye mwanamuke mumoja, mgeni wa muji, akaniuliza kwa Kifaransa huyu ni nani. Nilikuwa na maneno mengi ya kumuambia kuhusu mutoto wangu. Nikasema tu: "C'est moi." Ni mimi.

Tarehe 18

Carine ameondoka asubuhi. Atelier imekasirika naye, ataeleza akifika. Kwenye kiwanja cha Kavumu alinikumbatia, si haraka. Akasema atapiga kila siku ya Mungu na nisithubutu kumuambia habari za wageni. Nikamuahidi. Aliponiacha nikaona vidole vyake vimebaki kwenye blauzi yangu, vyeusi. Mvua ilinyesha njia nzima ya kurudi.

Sikuweza kuingia nyumbani. Nikapita kwenye jumba la maonyesho. Hapakuwa na mutu, taa moja tu. Nikasimama mbele yake muda mrefu, nimelowa, na kapu langu la samaki. Mulinzi akaja.

"Maman, unangojea mutu?"

"Hapana," nikamuambia. "Naangalia namna mutoto wangu aliniangalia."

Akakuna kichwa. Kisha akaenda, akaniletea kiti.